Nepi Saba Kwenye Kamba

Jumatatu, 3 Machi

"Maziwa ya mama ni bahati. Wapo waliojaliwa na wapo wasiojaliwa, na asiyejaliwa aachwe kwa amani na kopo lake la maziwa." Ndivyo alivyoandika Daktari wa Watoto katika gazeti la jana, ukurasa wa saba, chini ya picha yake mwenyewe – miwani, tai, na tabasamu la mtu aliyeshiba.

Bahati! Kana kwamba titi ni tiketi ya bahati nasibu. Wapo wanawake ambao miili yao haitoi maziwa ya kutosha hata wafanye nini. Ni wachache, nami nimewaona kwa macho yangu. Lakini wengi niliowapokea kliniki kwa miaka kumi na tisa ya kushauri juu ya unyonyeshaji walikuwa na tatizo lenye jina na lenye njia ya kulitatua. Mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kujaza kinywa titi. Titi limejaa hadi limekuwa gumu, mtoto anateleza. Chuchu imepasuka, mama anaogopa, ananyonyesha dakika mbili na kumwondoa. Mtoto anasinzia kifuani kabla hajashiba, na hakuna aliyemwambia mama amkune unyayo. Hiyo si bahati. Huo ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Anayemwambia mwanamke kwamba hakujaliwa, kwa sababu tu yeye hana dakika arobaini za kukaa naye, anausingizia mwili wa mwenzake uvivu wake.

Nimeandika hayo asubuhi kwa mkupuo mmoja, kwa ajili ya safu yangu ya Alhamisi. Sentensi zimekuja zenyewe. Zamani nikiandika hivi nilikuwa natetemeka, nagonga meza, na marehemu mume wangu ananiambia kutoka chumbani, "Mpige polepole, mama, huyo naye ana watoto." Leo sikusikia kitu. Ni kama kula ukiwa na mafua – unatafuna, unameza, ladha hakuna.

Miezi saba tangu tumzike. Watu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza. Hakuna kilicholegea.

Mengine. Binti yangu na kichanga chake wako hapa nyumbani tangu Ijumaa. Mkwe anaendesha malori ya safari ndefu, harudi hadi mwisho wa mwezi. Mjukuu alizaliwa Alhamisi na kilo tatu na gramu mia moja. Siku ile ile nilimshikisha titi mwenyewe, akanyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, vizuri. Leo nimempima: kilo mbili na gramu mia nane na hamsini. Siku za mwanzo mtoto hupungua, si ajabu. Nimemwambia binti sitampima tena mpaka siku ya kumi, maana mizani huwatia kina mama kiwewe. Tutahesabu nepi. Zikilowa sita au zaidi kwa siku, mtoto anashiba. Nepi hazina sababu ya kudanganya.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Benchi la nje lilijaa tangu saa mbili.

Wa kwanza alikuwa mshona nguo, mtoto wake wa kwanza, wiki mbili. Chuchu zote mbili zimepasuka. Aliingia ameuma meno kabla hata ya kufungua blauzi. Nikamwambia anionyeshe anavyofanya. Kumbe anainama yeye, anampelekea mtoto titi kama anayelisha kifaranga! Nikamkalisha mgongo ukiegemea. Nikamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama, pua ikitazama chuchu. Tukasubiri. Mtoto alipopanua kinywa kama anayepiga miayo – hapo, haraka, mtoto aende kwenye titi, si titi kwa mtoto. Kidevu kikazama. Shavu likajaa.

Mshona nguo akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Ha! Mbona haiumi?"

Kisha akaanza kulia. Wengi hulia hapo. Zamani nilikuwa nageukia dirisha nilie nao kidogo, wasinione. Leo nilimpa kitambaa na kuchukua fomu.

"Hujampa kitu kingine chochote, siyo?"

"Hapana, dada."

"Unamnyonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Nane hadi kumi na mbili."

Jibu safi kabisa. Wote leo wamejibu hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama waliokariri. Kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyetaja kopo. Mtu akiniuliza kazi yangu imefanya nini, nitafungua rejista. Nimeongeza sentensi hiyo kwenye makala na kuituma.

Nyumbani nilikuta nepi saba kwenye kamba. Nilizihesabu kwa kidole, moja moja, binti amesimama mlangoni ananitazama usoni.

"Saba! Safi, mwanangu."

Nadhani nilitabasamu. Yeye alicheka na kuingia ndani haraka.

Jumatano, 5 Machi

Nepi nane. Mtoto mtulivu mno. Nimefagia chumba cha marehemu, sijagusa viatu. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Makala imetoka. Mhariri alipiga simu kabla sijanywa chai. "Kamanda, umemmaliza! Watu wanaisoma kwa sauti." Kamanda ndilo jina langu kliniki. Wananiita hivyo wakidhani sijui, na mhariri ananiita hivyo akijua najua. Nilimwambia asante. Nikaweka simu. Chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.

Jioni alikuja jirani wa ukuta mmoja, mkata tiketi mstaafu, amelea sita. Alimbeba mjukuu, akamtazama, akamgeuza upande kama anayechagua tikiti sokoni.

"Shoga, huyu mbona hana kelele?"

"Ameshiba."

"Wangu siku ya saba walikuwa wanalia mpaka bati linatikisika."

"Mtoto aliyeshiba hulala, jirani. Imeandikwa."

"Na mwenye njaa akichoka kulia? Yeye si hulala pia?"

Nikamwambia mimi haya nimeyasomea. Akasema, haya, wewe umesomea, mimi nimepangusa makamasi. Nilikuwa na jibu. Nina majibu ya kila aina. Nilimweleza kuhusu mizunguko ya usingizi wa kichanga kwa dakika kumi nzima, kama ninavyowaeleza wanafunzi, na sikumtazama mtoto hata mara moja wakati naeleza. Jirani alimrudisha kwa binti, akaaga.

Binti hanyonyeshi mbele yangu. Anajifunika shuka, anageukia ukutani. "Naona haya, mama." Nimemwacha. Nimeona matiti ya nusu ya mji huu, lakini haya ni ya mwanangu. Nikaona heri nimpe heshima yake.

Nepi saba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsaidia kukunja nepi. Zile zilizolowa kwenye ndoo hazina harufu hata kidogo. Nikamwambia, unaona, mtoto wa maziwa ya mama hata mkojo wake ni kama maji.

Binti alisema anasikia baridi, amechoka. Nikamwambia alale mtoto anapolala. Ushauri wa siku zote.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio. Nisiruke kitu.

Saa moja asubuhi. Nilibisha, kimya. Nikaingia. Binti anatetemeka chini ya blanketi mbili. Homa. Nikafunua shuka bila kuomba ruhusa. Titi la kushoto jekundu, limevimba, gumu, linang'aa. Chuchu zote mbili zimechanika, moja ina kidonda kibichi chenye damu. Hizo si chuchu za jana. Ni za siku tano au zaidi.

Mtoto. Nilimkuna unyayo. Hakulia. Nikamkuna tena kwa nguvu. Akakunja uso kama mzee anayesumbuliwa, akalala tena. Midomo mikavu. Ule mwanya laini utosini umebonyea. Nikafungua nepi aliyoivaa. Kavu. Katikati, doa dogo la rangi ya matofali.

Nalijua doa hilo. Mkojo ukipungua sana ndipo hutoka hivyo. Nimelichora ubaoni kwa chaki nyekundu sijui mara ngapi.

Mizani: kilo mbili, gramu mia tano na sitini. Nilimshusha, nikamweka tena. Mbili, mia tano na sitini.

Nikauliza, "Na zile za kwenye kamba?"

"Nazilowesha bombani."

Alisema hivyo akitazama dari. Sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba nimemuuliza chumvi iko wapi.

"Zote?"

"Jumanne tano zilikuwa zake. Kisha mbili. Siku nyingine moja."

Binti mwingine yeyote wa nyumba nyingine asingeweza kunidanganya hivyo. Asingejua. Huyu amekulia chini ya meza yangu nikifundisha. Anajua ninahesabu nini, anajua ninasimama wapi nikihesabu, anajua idadi ipi inaniridhisha na ipi ni nyingi mno ya kutiliwa shaka. Saba. Nane. Saba.

Jirani alitupeleka kwa gari la mwanawe.

Wodi ya watoto. Na nani yuko zamu? Yeye, Daktari wa Watoto, bila tai. Alinitambua. Alisema, "Karibu, dada," akamchukua mtoto mikononi mwangu. Kwanza alishughulika naye – mshipa, damu, mrija – kisha akavuta kiti, akakaa chini kabisa karibu na binti, magoti yake yakigusa kitanda.

"Tangu jana asubuhi, niambie kilichoingia kinywani mwake. Chochote. Hata maji, hata dawa."

Akanyamaza. Hakuinua kalamu. Hakutikisa kichwa. Nikaanza kufungua kinywa nimsaidie binti kujibu, akanyoosha kiganja kuelekea kwangu bila kunitazama.

Binti akasema. Yote. Kwamba maziwa yalipojaa siku ya tatu matiti yakawa magumu, mtoto akashika vibaya, ikauma kama kisu. Kwamba alikuwa akimweka dakika moja, mbili, anamtoa. Kwamba jana alimweka mara nne. Kwamba juzi usiku alimpa maji ya sukari kwa kijiko. Dakika moja ilitosha kusema yote hayo. Mimi nimekaa naye nyumba moja siku nane.

"Kopo hukumpa?" daktari aliuliza.

"Ningelinunua wapi? Maduka yote yanamjua mama."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mfuko. Sikumbuki niliuchukua saa ngapi. Ndani kulikuwa na nepi, zimekunjwa vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Chumvi imepanda kwenye damu yake, kwa sababu ya ukavu. Wanaishusha polepole, kwa matone. Haraka inaweza kudhuru ubongo. Nililijua hilo pia. Nimeuliza kama tayari umedhurika. Daktari alisema hajui, na kwamba hatanidanganya kwa kunifurahisha. Tutajua kidogo kidogo.

Titi la binti lilikuwa limeshatunga usaha. Wamelitoboa asubuhi. Alilia mara moja tu, kifupi.

Saa nne nesi kijana wa wodi, mwenye saa ya pinki, aliniletea kikombe kidogo. Mama mtu bado yuko chumba cha upasuaji mdogo, alisema, na mtoto ameanza kulamba midomo. "Bibi, utamlisha wewe?"

Nikanusa. Maziwa ya kopo.

Nimeandika dhidi ya kitu kile makala mia moja na zaidi. Nimesimama mbele ya wabunge nikalishika kopo juu kama kichwa cha adui. Sifuti neno hata moja juu ya wale wanaoyatengeneza na wanavyonyemelea wodi za wazazi na kalenda zao za zawadi. Lakini pale palikuwa na kikombe, na mtoto, na mimi.

Nilimkalisha wima pajani, nikamfunga mikono kwa taulo asipige kikombe. Nikakiegemeza kwenye mdomo wa chini, maziwa yakagusa tu. Humimini. Unasubiri. Hivyo ndivyo ninavyofundisha. Ulimi ukatoka, mdogo, ukalamba. Ukarudi. Ukatoka tena. Akanywa. Nilikuwa nasikia kila anapomeza.

Sikusikia kingine. Nilingoja nisikie – aibu, furaha, hasira, lolote. Mkono wangu ulikuwa imara kabisa. Nesi alisema, "Bibi, unajua kazi." Nikasema ndiyo.

Mchana binti aliamka. Nilimuuliza kwa nini. Niliuliza vibaya, najua. Niliuliza kama swali la fomu: "Kwa nini hukuniambia, wakati unajua ningekurekebisha kwa dakika tano?"

"Ndiyo, ungenirekebisha."

Akajivutia shuka hadi kidevuni. Kisha:

"Tangu baba afariki hujatabasamu, mama. Hata nilipojifungua hukutabasamu. Uliangalia kama ameshika vizuri. Jumanne nilizilowesha mbili tu za kuongeza, ili usiwe na wasiwasi. Ukahesabu saba, ukatabasamu. Basi Jumatano ningefanyaje?"

 

Jioni, koridoni, nilikutana na daktari anakunywa maji kwenye bomba. Nilitaka anisute. Nilimpa kila nafasi. Alisema tu, "Makala yako niliisoma. Kuhusu dakika arobaini ulisema kweli. Sina. Jana nilikuwa nazo kwa sababu watoto wawili walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani."

Nikamwambia neno lake la bahati bado ni upuuzi, na nitaliita upuuzi popote.

"Liite. Lakini nikwambie kitu, dada. Mimi hawanidanganyi. Unajua kwa nini? Hawajali ninawafikiriaje."

Jumatatu, 10 Machi

Kilo mbili, mia sita na thelathini. Anafumbua macho. Analia kidogo, kama paka wa nje ya mlango. Jirani amekuja kusikiliza kilio hicho, akasema "Enhee" na kuondoka.

Nilikwenda kliniki saa mbili kama kawaida, nimwombe mwenzangu anishikie zamu. Nikapitia mlango wa nyuma. Sikuingia chumbani. Nilikaa nyuma ya pazia la dirisha linalotazama benchi la nje, nikasikiliza.

Alikuwepo mama wa mapacha – mwanamke mkubwa, mwuza mitumba, huja kila Jumatatu hata bila shida kwa sababu anapenda watu. Pembeni yake mgeni, msichana mwenye mtoto wa siku kumi.

"Akikuuliza mara ngapi, sema nane hadi kumi na mbili," mama wa mapacha alikuwa anamwambia. "Usiseme kumi kamili. Kumi kamili atakushuku."

"Na nikisema sijui?"

"Usithubutu! Atakupa daftari uandike."

Benchi zima likacheka.

"Na akiuliza kopo?"

"Kopo? Kopo ni nini? Hatulijui kopo sisi! Hata chai tunakunywa ya rangi!"

Walicheka mpaka mmoja akashikilia mshono wa tumbo. Mshona nguo alikuwepo, ananyonyesha palepale hadharani, kidevu cha mtoto kimezama vizuri. Naye alicheka.

Nikatoka. Kicheko kikakatika kama umeme. Nikaketi mwisho wa benchi, mahali pa anayefika wa mwisho. Nikasema, mama wa mapacha, nataka unijibu, na sina fomu mkononi.

"Nikikwambia ukweli, Kamanda, hutanifukuza?"

"Sikufukuzi."

"Mapacha nimewalea titi mchana, kopo jioni. Kutoka wiki ya tatu. Nilikuwa nazimia kwa uchovu, dada'ngu. Na wazima, si unawaona?"

"Mbona hukuniambia? Kuna njia ya kuwashikisha wote wawili kwa pamoja. Kuna njia ya kuongeza maziwa. Labda hata kopo lisingehitajika. Ningekusaidia."

"Ungenisaidia, ndiyo. Lakini kwanza ungeniangalia."



Yule msichana mgeni akasema polepole, akitazama viatu vyake, kwamba wa kwake hakojoi sana. Na kwamba yeye alikuwa ameshaambiwa aseme nepi saba.

Nikainuka. Tulimpima palepale. Alikuwa anakojoa kidogo kweli, lakini amechelewa siku mbili tu, si nane. Titi lilikuwa limejaa kupita kiasi, mtoto hapati pa kushika. Nikambandika kitambaa cha maji ya vuguvugu, tukakamua kwa mkono mpaka titi likalainika, kisha tukamshikisha. Akanyonya dakika ishirini na mbili. Yaliyobaki tukakamua, tukampa kwa kikombe. Ameambiwa arudi kesho na keshokutwa apimwe. Kazi hii naijua. Sijawahi kuwa na shaka kwamba naijua.

Baada ya hapo nilifungua rejista, ya mwaka huu na ya miaka yote. "Hujampa kitu kingine chochote, siyo?" Swali hilo nililiandika kwa mkono wangu miaka kumi na tisa iliyopita, na kulichapisha, na kuligawa kwenye kliniki kumi na moja. Hapana. Hapana. Hapana. Kurasa na kurasa za hapana, kwa miandiko ya washauri tofauti, wote niliowafunza mimi. Wangapi walisema kweli? Wangapi walifundishwa benchini? Na – hili ndilo – wangapi walikuwa na doa la matofali nyumbani na wakasema nane hadi kumi na mbili, kisha wakaondoka na sifa zangu?

Nilisimama na kitabu mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema sijui. Ni jibu la kweli.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa kwenye korido ya wodi, kiti cha plastiki, daftari mapajani. Saa nne na robo asubuhi.

Leo wanamrudisha mtoto titini kwa mara ya kwanza, lile la kulia ambalo chuchu yake imeanza kupona. Daktari amesema wakati umefika, na kwamba kama atanyonya vizuri, kopo litapunguzwa siku kwa siku. Kama hatanyonya, tutaona. Binti amekubali. Ila aliweka sharti. Alilisema kwa adabu kabisa:

"Mama, naomba uwe nje."

Nesi wa saa ya pinki ndiye yuko naye. Ana miaka mingapi – ishirini na mitatu? Alifunzwa na mmoja wa niliowafunza. Kabla ya kufunga mlango aliniuliza, "Bibi, una ushauri wowote?" Nilikuwa nao kumi na mbili. Nikasema, "Hapana."

Mhariri amepiga simu tena. Anataka jibu langu la pili kwa daktari, kali kuliko la kwanza, kabla ya saa sita. "Watu wanasubiri damu, Kamanda." Nikamwambia nitamtumia kitu, lakini daktari hamo. Akasema, basi yumo nani? Nikakata.

Kutoka ndani nasikia sauti ya nesi, chini chini. Nasikia kiti kinavutwa. Mtoto ameanza kulia – kile kilio chake chembamba – kisha kimekatika ghafla. Ama amepata titi, ama amechoka. Nimeinuka. Nimekaa. Naweza kutofautisha hayo mawili kwa kutazama mara moja tu. Kwa kusikiliza siwezi. Miguu yangu iko pale pale.

Naandika rasimu ya makala humu humu, kwa kuwa sina karatasi nyingine.

Kwenu ninyi washauri wa unyonyeshaji mliofunzwa na mimi, katika kliniki zote kumi na moja. Ninyi mnajijua, na mimi nawajua kwa miandiko. Jioni hii mtaambiwa na wakuu wenu kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba. Inawezekana. Fanyeni hivi hata hivyo. Msingoje barua wala semina. Fungueni rejista, chukueni kina mama hamsini wa mwisho wenye vichanga wasiotimiza miezi miwili. Gawaneni mitaa. Nendeni majumbani kwao kwa miguu yenu, leo, kabla jua halijazama, mkiwa na mizani. Bisheni hodi, mwombeni radhi kwa jibu mlilomtia kinywani, kisha muulizeni mtoto amekula nini tangu jana. Mkishauliza, fungeni midomo. Msitikise kichwa. Msilipongeze jibu zuri, maana hilo ndilo lililotufikisha hapa. Akitaja kopo, muulizeni kiasi gani, kwa sauti ile ile mnayoulizia saa. Akitaja maji ya sukari, msishtuke mbele yake. Mtoto akiwa hana mkojo, msiandike chochote, mbebeni. Na mama akichungulia nyuma yenu mlangoni na kuuliza kama Kamanda amekuja, mwambieni hakuja, ameambiwa akae nje. Kisha ingieni, kaeni chini, na msishike kalamu mpaka amalize.